Kandy au Galle? Pa kuweka kambi Sri Lanka ukiwa na wiki moja

Sri Lanka ni ndogo kuliko mkoa wa Tabora: kilomita za mraba 65,610, watu takriban milioni 22. Ukiitazama kwenye ramani utadhani siku tano zinatosha kuizunguka yote. Hazitoshi. Barabara za milimani zimejikunjakunja, treni zinakwenda taratibu, na kati ya mji na mji kuna mengi ya kumsimamisha mgeni. Anayetaka kuonja kila kitu ndani ya wiki moja huishia kuiona nchi kupitia kioo cha gari. Kwa hiyo anayeniuliza namshauri achague kambi moja: ama Kandy, milimani katikati ya nchi, ama Galle, baharini kwenye pembe ya kusini-magharibi, kisha avizungukie vijiji vya jirani kwa bajaji na mabasi.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Mtu wa Tanga, Lamu, Mombasa au Unguja aende Kandy. Mtu wa Mufindi, Kericho, Kabale au Kigali aende Galle. Pwani ya Galle ni minazi, mchanga, ngalawa na samaki wa kuanika. Mwenyeji wa pwani yetu ataipenda, lakini atakuwa anatazama kitu anachokijua. Vivyo hivyo, aliyekulia kando ya mashamba ya chai hatashtushwa na vilima vya kijani vya juu ya Kandy. Ila lipo kundi la tatu, wale wanaosafiri kwa ajili ya kazi za mikono. Hao nawaelekeza Kandy bila kusita, watoke wapi watoke, na sababu nitaieleza kwa kirefu.

Pepo kwanza

Kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi. Kusi na kaskazi zinazotawala bahari yetu ndizo zinazotawala Sri Lanka. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-magharibi huipiga pwani ya Galle moja kwa moja: bahari huchafuka, mvua hunyesha kwa vishindo, na mashua za kuwapeleka watu kuangalia nyangumi kule Mirissa hazitoki. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hiyo hiyo hutulia na nyangumi wa buluu hupita karibu na nchi kavu.

Kandy ni tofauti. Iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, hali yake ni ya wastani mwaka mzima, na mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Tena tukio lake kuu, maandamano ya hekalu yaitwayo Esala Perahera, hufuata mwezi mpevu na huangukia Julai au Agosti, wakati ambao Galle haina raha. Kwa hiyo mwenye likizo ya katikati ya mwaka hana haja ya kujiuliza sana. Mwenye nafasi Januari hadi Machi ndiye aliye na uchaguzi wa kweli, maana pande zote mbili ni nzuri.

Mandhari

Kwenye hili nitapita haraka. Kandy imezungukwa na vilima vyenye misitu, katikati kuna ziwa lililochimbwa 1807 kwa amri ya mfalme wa mwisho, na kilomita chache nje ya mji iko bustani ya mimea ya Peradeniya, iliyoanza 1821. Mashariki kuna milima ya Knuckles, ambayo ni sehemu ya nyanda za juu zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2010. Ukipanda zaidi unaingia nchi ya chai. Shamba la kwanza la biashara lilipandwa 1867 na Mskoti James Taylor, Loolecondera. Miaka michache baadaye ugonjwa wa kutu ya majani uliangamiza kahawa, na chai ikachukua ardhi yote.

Galle ina ngome juu ya rasi, mawimbi pande tatu. Wareno walianza, Waholanzi wakaitwaa 1640 na kuijenga upya kwa mawe, Waingereza wakaingia 1796. Ndani ya kuta kuna mitaa, nyumba zenye baraza, mahakama, makanisa na msikiti. Mtu wa Mji Mkongwe ataielewa papo hapo, pamoja na matatizo yake: nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni na kugeuzwa hoteli za bei ya juu, na wenyeji wamesogea nje ya kuta. Ukuta huo ndio uliouokoa mji wa ndani tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga. Nje yake hali ilikuwa mbaya mno. Watu zaidi ya 30,000 walikufa nchini, na pale Peraliya, kaskazini ya Galle, treni iliyojaa abiria ilizolewa na maji. Ukipita na gari la moshi kuelekea Galle utauona mnara wa kumbukumbu. Usimwombe dereva wako akusimulie, huenda naye alipoteza mtu.

Ufundi, na nani anaununua

Hapa ndipo uamuzi ulipo. Kipimo changu ni kimoja: kitu hiki kinatengenezwa kwa ajili ya nani? Kazi ya mikono yenye mtumiaji wake nyumbani hubaki imara. Ikibaki na mtalii peke yake kama mteja, huanza kuwa ndogo, nyepesi na ya haraka.

Kandy ilikuwa makao ya ufalme wa mwisho wa Wasinhala, watu walio wengi nchini humu, uliosimama hadi Machi 1815. Wakati huo fundi hakuuza sokoni. Alipewa shamba na mfalme au hekalu, na kodi ya shamba hilo ilikuwa kazi yake: mhunzi alileta chuma, mfumaji nguo, mchongaji alichonga. Mafundi bora kabisa, masonara na wachoraji, walikuwa kwenye karakana nne za mfalme. Ufalme ulipoanguka karakana zilifungwa, lakini mahekalu hayakufungwa, na mahekalu bado yanahitaji taa, ngoma, mavazi ya tembo na nguzo za kukarabatiwa. Ndiyo maana ufundi wa Kandy una mteja ambaye hana haja na ndege za watalii.

Anzia Embekke, kijiji kilicho mwendo mfupi kutoka mjini, kwenye hekalu la karne ya 14. Ukumbi wake wa wapiga ngoma umesimama juu ya nguzo za mbao zilizochongwa pande zote: wapiga mieleka, mabata maji waliosukana shingo, mama anayenyonyesha, tai mwenye vichwa viwili. Usiishie kwenye nguzo. Inua macho kwenye paa, pale upande mmoja wa ukumbi mapao 26 yanapokutana, yote yakishikwa na pini moja kubwa ya mbao. Fundi seremala yeyote wa kwetu atasimama hapo kwa muda mrefu. Ukitoka, barabara ya Pilimathalawa ina karakana za shaba ya manjano. Kinachotafutwa zaidi ni taa ya mafuta yenye jogoo kileleni, ambayo Wasinhala huiwasha harusini na kwenye uzinduzi wa jambo lolote jipya. Umbo hutengenezwa kwa nta, likafunikwa udongo, nta ikayeyushwa itoke, shaba ya moto ikamiminwa mahali pake.

Kisha mikeka ya Dumbara, bonde la jirani na Kandy. Hii mtu wa Tanga ataitazama kwa jicho la pekee, kwa sababu nyuzi zake hutoka kwenye mmea uitwao hana, wa jamii moja na mkonge. Jani hukwanguliwa kwa mkono mpaka nyama yote itoke, nyuzi huoshwa, hukaushwa na kutiwa rangi, nyekundu ikitoka kwenye mti wa patangi. Mfumaji huketi chini na kufuma tembo, swala, nyoka na maua katika mistari ya mraba mraba. Kazi hii imekuwa mikononi mwa jamii ya Kinnara, watu waliodharauliwa kwa karne nyingi kwa sababu ya tabaka lao, na mwaka 2021 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Naona uchungu nikifikiri kwamba sisi tulilima mkonge kwa mamilioni ya tani, tukaishia kamba na magunia, na hawa wachache wamemtundika ndugu yake ukutani kama picha.

Lakini kama una nafasi ya kijiji kimoja tu, nenda Hapuvida, upande wa Matale, kwenye kazi ya lakiri. Sijaona ufundi mwingine unaofanana na huu. Utomvu unaotolewa na wadudu wadogo kwenye matawi hupashwa moto juu ya makaa, hukandwa na rangi (nyekundu, njano, kijani, nyeusi) na kuvutwa hadi unakuwa uzi mwembamba. Fundi hushika rungu la mbao au mpini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaulaza uzi ule wa moto juu yake, akiubana kwa ukucha wa kidole gumba na kuukata kwa ukucha huo huo. Hakuna brashi wala kisu. Ukucha hufugwa mrefu kwa kazi hiyo. Maua na mistari huota mbele ya macho yako, na akikosea, uzi umeshashika. Kazi ya namna hii ilipamba fimbo, mikuki na vipini vya mapepeo ya mahekalu. Madukani mjini utauziwa vitu vilivyopakwa rangi ya kopo vikiitwa lakiri. Ukishamwona fundi mwenyewe hutadanganyika tena.

Galle nayo ina utajiri wake, wa namna nyingine. Ufundi wa pwani haukuzaliwa ikulu. Umezaliwa kwenye uganga, biashara na riziki.

Ambalangoda, kilomita 35 hivi kabla ya Galle ukitokea Colombo, ndiyo mji wa barakoa za mbao. Zimegawanyika makundi matatu: za raksha, ambazo ni viumbe wa kutisha wa maandamano, za kolam, mchezo wa kuigiza wa kijijini wenye askari, mwanamke mjamzito, mpiga mbiu mlevi, na za sanni. Hizi za mwisho ndizo zenye uzito. Kuna mashetani 18 wa maradhi, kila mmoja na uso wake: wa upofu hana macho ya kuonea, wa majipu amejaa uvimbe. Mgonjwa hukalishwa mbele ya watu, ngoma hupigwa usiku kucha, shetani wa ugonjwa huitwa, hutaniwa, hupewa chake na kufukuzwa. Anayezijua ngoma za pepo za Unguja na Pemba hatahitaji maelezo mengi. Mti unaotumika ni kaduru, mwepesi na laini, unaomea kwenye maji maji. Makumbusho ya barakoa ya Ariyapala yako hapo hapo mjini, pamoja na karakana.

Kwa kipimo changu, hata hivyo, barakoa zimepungukiwa. Ibada yenyewe imekuwa adimu, na sehemu kubwa ya kinachochongwa leo ni cha kutundikwa sebuleni kwa mgeni. Bado utapata uso uliochongwa kwa imani, ila itabidi uutafute.

Lesi ya beeralu iko hali hiyo hiyo. Wareno na Waholanzi waliileta, wanawake wa Galle na Weligama wakaifanya yao. Mbele ya mfumaji kuna mto mgumu wa duara, juu yake kielelezo kimechomekwa pini nyingi, na nyuzi zimening'inizwa kwenye vijiti vya mbao ambavyo anavipishanisha kwa kasi kiasi kwamba unasikia mlio kabla hujaona mkono. Nguo za mashine zimewabana sana. Ukitaka kununua, nunua pale unapouona mto na vijiti.

Kazi za pwani zilizo hai kweli ni mbili, na hakuna mtu atakayekuuzia kama kumbukumbu: makumbi na mdalasini. Karibu na Koggala na Ahangama wanawake huozesha makumbi kwenye maji kwa miezi, huyaponda na kusokota usumba uwe kamba, kama wafanyavyo wanawake wa Jambiani na Paje. Mdalasini nao hukatwa baada ya mvua, wakati gome linaachia. Mmenyaji huketi sakafuni, hukwangua ngozi ya nje, husugua tawi kwa kipande cha shaba mpaka gome lilegee, kisha hulipasua kwa kisu kidogo na kulivua kama mkono wa shati. Vipande vidogo hupachikwa ndani ya vikubwa, kimoja baada ya kingine, hadi upatikane mrija wa zaidi ya mita moja, ukaanikwe kivulini juu ya kamba chini ya dari. Mtu aliyekulia Unguja akinusa mdalasini tangu utotoni atashangaa jinsi mrija huo ulivyo mwembamba na wenye matabaka.

Wavuvi wa juu ya vijiti, wale wa kwenye picha, usiwape uzito mkubwa. Uvuvi huo ulianza karibu na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wengi wanaokaa juu ya vijiti mchana leo wanalipwa kwa kupigwa picha. Ni riziki halali, lakini ujue unachokilipia.

Dini, chakula na watu

Kandy maisha yote yanazunguka Dalada Maligawa, hekalu linalotunza jino la Buddha. Ibada hufanywa mara tatu kwa siku, na ya jioni ndiyo nzuri zaidi: wapiga ngoma wenye vifua wazi na vilemba vyeupe husimama mbele ya mlango, ngoma ya geta beraya ikitoa sauti mbili, maana kila upande una ngozi yake. Funika mabega na magoti, vua viatu mapema, na usiipe sanamu ya Buddha mgongo ili upigwe picha. Wenyeji huliona hilo ni tusi.

Perahera ni usiku kumi za wapiga mijeledi, mienge, wachezaji na makumi ya tembo waliovishwa nguo za nakshi, mmoja akibeba kasha la heshima. Ni jambo kubwa sana kuliona. Ila tembo hao hufungwa minyororo miguuni na kutembezwa kati ya moto na kelele kwa saa nyingi, na jambo hilo hunikera kiasi kwamba simshauri mtu apange safari nzima kwa ajili yake. Ngoma za jioni hekaluni utazipata siku yoyote.

Kwa Mwislamu, Galle ni rahisi zaidi. Jamii ya Waislamu ni ya siku nyingi ndani ya ngome, chakula halali ni cha kawaida, na msikiti wa Meeran wa 1904, mweupe pee, uko mkabala na mnara wa taa. Kwa mbali ungedhani kanisa. Historia ya bahari ya Galle inatugusa pia. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, alifika kisiwani humu 1344 na kuutaja mji huu. Na Galle ndiko lilikopatikana, mwaka 1911, jiwe la Zheng He, amiri wa merikebu za China, lenye tarehe ya 1409, limeandikwa Kichina, Kitamil na Kiajemi. Merikebu zake baadaye zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Jiwe lenyewe sasa liko makumbusho ya taifa, Colombo.

Waafrika nao wamo, na kwenye pande zote mbili. Wareno walileta watu kutoka Msumbiji, Waingereza wakaunda vikosi vya askari wa Kiafrika vilivyopigana vita vya Kandy, na kizazi chao kipo hadi leo upande wa Puttalam. Muziki wa baila unaochezwa kwenye harusi za kusini una damu yao ndani yake.

Mezani, zote mbili zitakupa wali na mchuzi wa nazi wa kila aina, na appa, ambazo mla vibibi atazitambua mara moja. Kusini nachagua ambul thiyal, samaki aliyepikwa akauke kwa goraka, tunda chachu, hadi anakaa siku kadhaa bila friji. Na mtindi wa nyati kwenye chungu, ukimiminiwa asali ya mti wa kithul. Milimani jaribu sukari guru ya mti huo huo pamoja na chai ya mkandaa.

Gharama na usumbufu

Galle ndani ya ngome ni ghali. Lala Unawatuna au mitaa ya nje, utatumia kidogo zaidi. Kandy ni nafuu, lakini ina wapiga debe wengi zaidi. Barabara ya kwenda Matale imejaa bustani za viungo na maduka ya vito ambayo dereva hulipwa kwa kukuleta. Mwambie mapema, kabla ya kuondoka, kwamba unakwenda Hapuvida na si kwingine. Ukiwa na haraka, duka la Chama cha Sanaa cha Kandy kando ya ziwa linauza kazi za mafundi wenyewe, na baadhi yao hukaa pale wakifanya kazi.

Kutoka Colombo, treni ya Galle hutumia saa mbili na kitu ikiambaa na bahari, ya Kandy takriban saa tatu. Tofauti si ya kukuamulia.

Ukipata siku kumi au zaidi, unganisha, na uanzie juu. Kaa Kandy siku tano, panda treni ya milimani hadi Ella, vuka daraja la matao tisa la Demodara kwa miguu, halafu shuka kwa basi hadi pwani na umalizie Galle. Usirudi Kandy kutoka Galle. Siku nzima itaishia barabarani. Wakati wa mvua kubwa ulizia kama njia ya reli iko wazi, maana maporomoko ya udongo huifunga, na tiketi za viti vya kuhifadhiwa hufunguliwa siku 30 kabla ya safari na huisha upesi, kwa hiyo ziwekee alama kwenye kalenda yako siku hiyo hiyo unayokata tiketi ya ndege.